Nani Fanani, Nani Hadhira? Historia Fupi ya Michezo ya Maandishi ya Kompyuta na Deni la Mhakiki

Utangulizi

Makala hii imetokana na kushindwa kwangu mwenyewe, kwa hiyo ni vizuri nieleze kisa chenyewe kwanza kabla sijaingia katika historia. Katika semina yetu ya uhakiki tuliruhusiwa kuchagua kazi moja ambayo si riwaya, si tamthiliya wala si diwani. Mimi nikachagua Galatea, kazi ya Emily Short ya mwaka 2000. Galatea ni mchezo wa kompyuta, lakini usitafute picha, hazimo. Ni maandishi matupu. Kompyuta inakuambia kwamba uko katika maonyesho ya sanaa, na mbele yako amesimama mwanamke aliyechongwa kwa jiwe kisha akapata uhai. Amekupa mgongo. Wewe ni mhakiki wa sanaa. Unaandika amri fupi kwa Kiingereza: muulize juu ya jambo fulani, mweleze jambo fulani, mguse, ondoka. Kompyuta inaisoma amri yako, inakuandikia kilichotokea, kisha inangoja amri nyingine.

Basi nikauliza maswali kama saba hivi. Akanijibu kwa mkato. Nikaona huyu hana la maana, nikaandika amri ya kuondoka, na mchezo ukaisha papo hapo. Nikakaa nikaandika kurasa nne: wahusika, mandhari, muundo, matumizi ya lugha, dhamira. Dhamira kuu, nilisema kwa kujiamini, ni ukimya wa sanaa mbele ya jamii isiyoijali.

Siku ya semina mwenzangu mmoja akanyoosha mkono. Yeye alikuwa ameucheza mchezo huo huo usiku uliotangulia, si kwa dakika kumi kama mimi, bali kwa saa mbili. Galatea wake alikuwa amegeuka, wakazungumza mambo mengi, wakaagana kama watu waliozoeana. Akaniuliza, "Ndugu yangu, hapa umemhakiki Galatea au umejihakiki mwenyewe?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini kile kicheko cha mdomoni tu. Maana kumbe ule ukimya niliouita dhamira ulikuwa ni haraka yangu mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya michezo hii ili nijue wenzetu wamekuwa wakiihakiki kwa njia gani. Nathubutu kusema hivi: tunakosea tunapoihakiki kama vitabu. Ni kweli imeandikwa, lakini inafanya kazi kama fasihi simulizi, na mhakiki wake ni sehemu ya hadhira iliyokuwapo mkekani. Kwa hiyo ana deni: aseme alifanya nini.

Baba, mabinti na pango

Chimbuko la michezo hii liko Marekani katikati ya miaka ya 1970. Will Crowther alikuwa mtaalamu wa programu katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Cambridge, Massachusetts, kampuni iliyoshiriki kujenga ARPANET, ule mtandao ulioitangulia intaneti. Nje ya kazi, yeye na mkewe Patricia walikuwa wapenzi wa mapango. Walichora ramani za mapango ya Kentucky, na Patricia alikuwemo katika kundi ambalo mwaka 1972 liligundua kwamba mapango ya Flint Ridge yameungana na pango maarufu la Mammoth.

Ndoa yao ikavunjika. Crowther, akiwa sasa anaishi mbali na mabinti zake, akaandika kati ya mwaka 1975 na 1976 programu ambayo wangeweza kuichezea watakapomtembelea. Ndiyo iliyokuja kujulikana kama Adventure. Kompyuta inakueleza mahali ulipo, nawe unaijibu kwa neno moja au mawili: nenda kusini, chukua taa. Unaingia pangoni, unakuta hazina, unakuta vibeti wanaokurushia mashoka.

Mwaka 1976 Don Woods, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliikuta programu hiyo katika kompyuta. Akamtafuta mtunzi kwa kupeleka barua kwa jina la Crowther katika kila kompyuta iliyokuwa kwenye mtandao, akampata, akapata ruhusa, akaipanua. Toleo la mwaka 1977 ndilo lililoenea. Miaka 30 baadaye, mwaka 2007, mtafiti Dennis Jerz alichapisha uchunguzi wake baada ya kuipata programu ya awali ya Crowther na kwenda Kentucky kuingia katika pango lenyewe. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mchezo inafuata pango halisi, na kwamba uchawi na vibeti vilikuwamo tangu mwanzo, kabla Woods hajagusa kitu.

Hebu tutulie hapa kidogo. Tunaona baba anayewasimulia watoto wake kuhusu mahali anapopajua kwa miguu yake. Tunaona msimulizi wa pili anayeichukua hadithi na kuiongezea chumvi na viungo. Tunaona kazi inayosafiri kutoka kituo hadi kituo bila mchapishaji, kila mahali ikipata nyongeza. Mwanafunzi yeyote aliyemaliza mwaka wa kwanza akisomewa maelezo haya bila kutajiwa kompyuta, atasema, "Hii ni ngano." Na hatakuwa amekosea sana.

Nipe mji

Mwaka huo huo wa 1977, katika chuo cha MIT, vijana wanne, Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, walianza kutunga mchezo wao uitwao Zork. Walitaka kuwashinda waliowatangulia. Adventure ilielewa amri za maneno mawili, wao wakatengeneza kichambuzi, yaani ile sehemu ya programu inayochambua amri ya mchezaji, chenye uwezo wa kuelewa sentensi nzima zenye vihusishi na vitu viwili au vitatu. Mwaka 1979 kikundi cha watu wa MIT kikaanzisha kampuni, Infocom, na kuanzia mwaka 1980 Zork ikaanza kuuzwa kwa wenye kompyuta za nyumbani.

Biashara ilishika. Deadline, hadithi ya upelelezi, ilitoka mwaka 1982, Planetfall ya Steve Meretzky mwaka 1983, na mwaka 1984 mwandishi Douglas Adams akashirikiana na Meretzky kuigeuza The Hitchhiker's Guide to the Galaxy kuwa mchezo. Infocom hawakuona haya kujifananisha na wachapishaji wa vitabu, na ilani zao zilijivunia kwamba hawana picha.

Lakini kuna jambo moja la Infocom ambalo kwa maoni yangu lina maana kubwa kuliko ilani zote. Wachezaji walikwama. Mlango haufunguki, na jibu hulijui. Kwanza kampuni ilipokea barua na simu za watu wanaolia kuomba msaada. Ndipo Mike Dornbrook alipobuni vijitabu vilivyoitwa InvisiClues. Majibu yalichapwa kwa wino usioonekana. Unanunua kijitabu, unasugua kwa kalamu maalumu, jibu linajitokeza hatua kwa hatua, kwanza kidokezo, kisha kidokezo kikubwa zaidi, mwisho jibu lenyewe.

Sisi tunaujua mchezo huu. Mmoja anasema, "Kitendawili!" Wengine wanaitika, "Tega!" Anatega. Watu wanajaribu, wanashindwa. Mtegaji anasema, "Nipe mji." Anapewa mji, pengine anaukataa na kutaka mwingine mkubwa zaidi, kisha ndipo anapotegua. Jibu halitoki bure. Mchezaji wa Infocom aliyenunua kile kijitabu alikuwa anatoa mji, tofauti ni kwamba mji wake ulikuwa wa dola.

Sidai kwamba nimegundua kitu kipya kulinganisha michezo hii na vitendawili. Nick Montfort alifanya hivyo katika kitabu chake Twisty Little Passages cha mwaka 2003, na hoja yake ni kwamba kitendawili ndicho ndugu wa karibu zaidi wa mchezo wa maandishi. Ninachoongeza ni hiki: kitendawili chetu kina "tega" na kina "mji". Maana yake ni kwamba hadhira inakubali kwanza ndipo inategewa, na inalipa inaposhindwa. Mwenye kukusimulia kitendawili bila kukuambia nani alitega, nani alijaribu nini na ni mji gani uliotolewa, amekusimulia swali na jibu tu. Utendaji wenyewe ameuacha barazani.

Wahakiki wa kwanza na vipimo vyao

Je, wakati huo wahakiki walikuwa wapi? Wengi waliitazama michezo hii kama bidhaa, kama mtu anavyotazama redio: inafanya kazi, haifanyi kazi, bei yake ni hii. Lakini mwaka 1983 Edward Rothstein aliandika juu ya Deadline katika New York Times Book Review, jarida la vitabu, akaujadili kama aina ya riwaya ambayo msomaji anashiriki. Kwa mara hiyo mchezo ulikaribishwa sebuleni. Ila uliingia kwa jina la kuazima, kwa jina la riwaya.

Kwa maoni yangu jina hilo lilibana. Chukua Deadline yenyewe. Wewe ni mpelelezi, umepewa saa 12 za kuchunguza kifo cha tajiri Marshall Robner. Saa ya mchezo inatembea. Wahusika wana shughuli zao, wanatoka chumba hiki kwenda kile, wanapiga simu, wakupate au wasikupate. Ukikaa bustanini wakati mambo yanatendeka ghorofani, yamekupita. Katika riwaya ukurasa wa 90 unakusubiri hata ukilala wiki mbili, lakini hapa ni papo kwa papo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, Mary Ann Buckles aliwasilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, juu ya Adventure. Ni miongoni mwa tasnifu za kwanza kabisa za fasihi juu ya mchezo wa kompyuta. Na alipotafuta kipimo hakuishia katika riwaya, alikwenda kwenye ngano, akatumia mawazo ya Vladimir Propp ambayo sote tumeyakariri kwa ajili ya mitihani. Bahati mbaya njia aliyoifungua haikufuatwa mara moja na watu wa idara za fasihi.

Kampuni inakufa, hadhira inabaki

Kompyuta zikaanza kuonyesha picha nzuri, na watu wakataka picha. Infocom ilikuwa imetumia fedha nyingi kutengeneza programu ya ofisi iliyoitwa Cornerstone, ambayo haikupata soko la kutosha. Mwaka 1986 ikanunuliwa na Activision, na mwaka 1989 ofisi ya Cambridge ikafungwa. Kwa hesabu ya biashara, utanzu huu ulikuwa umekwisha.

Lakini haukwisha, na waliouokoa hawakuwa wafanyabiashara. Mike Roberts alikuwa ametengeneza TADS, programu ya kumwezesha mtu yeyote kutunga michezo ya aina hii. Mwaka 1993 Graham Nelson, mwanahisabati wa Oxford, akatoa Inform pamoja na mchezo wake Curses. Mwaka 1994 G. Kevin Wilson akaanzisha SPAG, jarida la kielektroniki ambalo kazi yake ilikuwa uhakiki wa michezo ya maandishi, nalo lilitegemea makala za wachezaji wenyewe. Mwaka 1995 huyo huyo Wilson akaandaa shindano la kwanza la utunzi, likapata michezo 12. Shindano hilo limeendelea kila mwaka.

Nawaomba wenzangu wanaodhani kwamba uhakiki ni mkia tu wa fasihi waitazame vizuri miaka hii. Soko lilikuwa limekufa. Hakukuwa na fedha wala umaarufu wa kutajika. Mtunzi alipata kitu kimoja: mtu aliyeucheza mchezo wake na kuandika kwa makini alichokiona. Hicho ndicho kilichowafanya watu waendelee kutunga.

Zaidi ya hayo, wachezaji walianza kudai haki. Nelson, katika insha zake zilizokusanywa mwaka 1995 kwa jina la The Craft of Adventure, aliorodhesha haki za mchezaji: asiuawe bila onyo, asidaiwe kujua jambo ambalo angelijua tu kama angekwisha kufa mara moja, asipewe vidokezo visivyoeleweka. Kwa lugha yetu, hadhira ilikuwa inamwambia fanani, "Bwana, hapa umetudanganya, rudia vizuri." Aidha, Nelson aliuona mchezo kama uwanja ambamo hadithi na chemshabongo vinagombana, hiki kinataka kwenda mbele, kile kinataka ukae ufikiri.

Shindano nalo lilikuwa na kanuni moja ambayo mimi naiheshimu: jaji aucheze kila mchezo kwa muda usiozidi saa mbili kabla ya kutoa alama. Kanuni hii ililetwa na hali halisi tu, maana majaji wana kazi zao. Lakini ilimfanya kila jaji akubali hadharani kwamba hukumu yake ina mpaka. Laiti ningekuwa na kanuni hiyo siku ile ya Galatea! Ningelazimika kuandika juu kabisa ya ukurasa: nimecheza dakika kumi.

Hata hivyo nisiwasifu kupita kiasi. Mara nyingi SPAG ilitoa alama kwa kila kipengele, wahusika zake, ploti zake, mafumbo zake, kisha jumla. Ukiziona utadhani ni ule mwongozo wetu wa fani na maudhui, ambao mwanafunzi anajaza kama fomu. Namba inasema mchezo umepata ngapi. Kilichompata mchezaji, hapana.

Hadithi inapomgeukia msikilizaji

Mwaka 1998 shindano lilishindwa na Photopia ya Adam Cadre. Kuna mafumbo machache mno, na kuna msichana anayeitwa Alley, ambaye atakufa katika ajali ya gari. Unaipitia hadithi vipande vipande, mara nyingi ukiwa mtu anayemfahamu. Katikati kuna sehemu za rangi, safari za ajabu za kwenda sayari nyingine, na pole pole unatambua ni nini: ni hadithi ambayo Alley anamsimulia mtoto Wendy anayemlea jioni ile. Na wewe unayeandika amri ndiwe Wendy. Amri zako ni yale maneno ya mtoto anayemkatiza msimulizi, "Nikienda huku je? Nikiokota hiki je?"

Watu wengi walilalamika kwamba mchezaji hana uhuru, kwamba hata ufanye nini Alley hafi wala haponi kwa sababu yako. Ni kweli. Lakini mtoto anayesikiliza ngano ya bibi naye hana uwezo wa kumwokoa sungura. Ana uwezo wa kuuliza, wa kuitikia, wa kuomba irudiwe. Ushiriki wa hadhira haujawahi kuwa na maana ya kuamua mwisho. Nadhani waliolalamika walikuwa wanatafuta uhuru wa mwandishi, wakati Photopia ilikuwa imewapa nafasi ya msikilizaji, nafasi kongwe kuliko hiyo.

Miaka miwili baadaye ikaja Galatea, ambayo inaelekea upande wa pili: miisho ni mingi, na kila mmoja umetokana na namna ulivyomtendea. Na si bure kwamba Emily Short alimfanya mchezaji awe mhakiki. Unaingia ukidhani unakuja kutoa hukumu, kumbe kila unalouliza linaandikwa upande wako. Kisha mwaka 2009 Chris Klimas akatoa Twine, programu inayomwezesha hata asiyejua kuandika programu kutunga hadithi ambamo msomaji hachapi amri bali anachagua maneno ya kubofya. Wengi waliokuwa nje ya utanzu wakaingia kwa mlango huo, na ukazuka ubishi mrefu kama kazi hizo nazo ni michezo. Ubishi wa mipaka ya tanzu sisi tunaujua, kwa hiyo siuchochei.

Mambo sita

M. M. Mulokozi, katika Utangulizi wa Fasihi ya Kiswahili (1996), anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio, mahali na wakati. Nilipomaliza kusoma historia hii nilijaribu kuyapima yote sita. Hadhira ipo, tena inatenda. Fani inayotendwa ipo, maana maandishi yaliyofungiwa katika programu si yale yanayosomwa, yanayosomwa yanazaliwa kwa amri. Tukio lipo: kila kikao ni tofauti. Mahali na wakati vipo, kama Deadline ilivyotuonyesha.

Tatizo ni fanani. Mwalimu wetu mmoja wa fasihi simulizi, nilipompelekea hoja hii ofisini kwake, alitikisa kichwa. "Kijana," alisema, "fanani anaona uso wa hadhira yake. Akiona wamechoka, anafupisha. Akiona mtoto anaogopa, anapunguza zimwi. Hiyo kompyuta yako inaona nini?"

Hoja hiyo ni nzito, na siwezi kuifuta yote. Kompyuta haioni kitu. Lakini mtunzi aliye nyuma yake anaona, ila anaona kwa kuchelewa. Michezo hii ina amri ya kuhifadhi kumbukumbu ya kikao kizima, kila ulichoandika na kila ulichojibiwa. Wajaribu huzipeleka kumbukumbu hizo kwa mtunzi. Anaona kwamba mtu aliandika "panda meza" naye hakuwa amelifikiria, analiongeza. Ndiyo maana michezo ya Infocom ilikuwa na namba za toleo, na hata watunzi wa Inform huendelea kutoa toleo la pili, la tatu, la tano. Uso wa hadhira unamfikia fanani baada ya mwezi mmoja badala ya nukta moja, lakini unamfikia. Na mwenye kuupeleka uso huo mara nyingi ni mhakiki. Kwa hiyo mwalimu ananirekebisha, hanipindui: hapa fanani amegawanyika watu wawili, mmoja anayesema bila kuona na mwingine anayeona baadaye.

Jaribio la bwenini

Nimalizie kwa lugha yetu. Mchezo wa namna hii uliotungwa kwa Kiswahili mimi sijabahatika kuucheza. Basi jioni moja, mimi na yule mwenzangu wa semina tulijaribu kwa karatasi. Mimi nilikuwa kompyuta, yeye mchezaji, na kanuni ilikuwa kwamba nisijibu ila kile ambacho programu ingeweza kujibu. Nikaandika kwamba yuko jikoni, gizani kidogo, na mezani kuna taa, kisu na ufunguo. Yeye akaandika neno moja tu: "Kichukue."

Nikaduwaa. Kwa Kiingereza, mchezaji akitumia kiwakilishi baada ya vitu vitatu, kichambuzi kinabaki kukisia ni kipi. Yeye alikuwa amekwisha sema: ki-, basi ni kisu. Angeandika "ichukue" ingekuwa taa, "uchukue" ufunguo. Upatanisho wa ngeli, huo tunaolalamikia katika mitihani ya sarufi, umefanya nusu ya kazi ambayo wenzetu wa MIT walihangaika nayo. Si kila mahali, maana u- inachukua ufunguo na inachukua mkate pia, lakini ni mwanzo mzuri.

Halafu likatokea jambo ambalo hatukulipanga. Wenzetu wawili waliokuwa wakipika chai wakasogea. Mmoja akasema, "Mwambie awashe taa kwanza." Mwingine, "Hapana, fungueni mlango tuone." Amri ikawa ya wingi. Mlango ulikuwa na fumbo nililoliona rahisi, wakashindwa robo saa nzima. Nikasema, "Nipeni mji." Wakanipa Tanga. Nikakataa. Wakanipa Mombasa.

Hitimisho

Ninachopendekeza kwa wahakiki wenzangu si kikubwa. Anayekusanya ngano kijijini huandika jina la fanani, mahali, tarehe, na waliokuwapo. Asipoandika, tunamrudisha. Basi anayehakiki mchezo wa maandishi naye aseme ni toleo gani, amecheza muda gani, alitumia vidokezo au hakutumia, alikwama wapi na alifanya nini alipokwama. Ikiwezekana aambatishe kumbukumbu ya kikao chake. Baada ya hapo ndipo atuambie dhamira.

Uhakiki wangu wa Galatea nimeuandika upya. Safari hii nimecheza vikao sita, na vyote nimeviambatisha, pamoja na kile cha kwanza cha dakika kumi. Yule mwenzangu alishauri nikitoe, kwamba kinaniaibisha. Nimekiacha. Humo ndimo Galatea alimokutana na mhakiki mwenye haraka, nayo ni sehemu ya kazi ile kama zilivyo sehemu nyingine.